Mfupa uliunga kwa wiki sita, mkono nikautafuta mwaka mzima

Juzi Jumatatu jirani yangu wa nyumba ya tatu kaanguka uani kwake akianua nguo, umri wake umepita sabini, na alivyorudishwa kutoka hospitali nikaenda kumtazama nikamkuta kakaa kitandani mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, uso umemsinyaa, wanawe wamemzunguka kila mmoja anasema lake, huyu anauliza mbona hakufungwa P.O.P, ile plasta ngumu ya kufungia mfupa, yule anataka apelekwe kwa mganga wa mifupa, mwingine anamwambia mama huo mkono usiuguse kabisa mpaka upone. Nikajiona mimi mwenyewe. Nimerudi nyumbani sikulala vizuri, ndo nikasema niandike yote niliyopitia na bega langu, maana mimi nilipoanguka niliambiwa mengi na madaktari na majirani lakini sikumpata mtu mzima mwenzangu aliyewahi kulala na ule uchungu akanieleza unaendaje.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Ngamiani hapa Tanga. Nilianguka Januari 2024, nilikuwa na miaka 66, ilikuwa mwezi wa Rajabu na nilikuwa nimefunga sunna wiki ile. Nimeamka saa kumi alfajiri niende chooni alafu nile daku, umeme hamna kipindi kile cha mgao, nikasimama tu kitandani hivi nikaenda, kandambili miguuni, sakafu ya choo ni taili na kuna maji. Nakumbuka kichwa kilikuwa chepesi, nikanyoosha mkono wa kulia kutafuta ukuta sikuupata. Nilisikia mlio kama kuni kavu inavunjwa. Sikupiga kelele hata, nilikaa pale chini nikaona nimeushika mkono wangu wa kulia kwa mkono wa kushoto na siwezi kuuachia, nikiuachia tu naona roho inatoka.

Mwanangu wa pili na mkewe nakaa nao, wakanitoa pale wakanipeleka zahanati ya karibu usiku ule ule. Kijana wa zamu akanishika shika akasema bibi umetegua tu, akanichoma sindano akanipa vidonge nikarudishwa. Asubuhi habari imeshaenea mtaani, akaletwa mama mmoja anayesifika kwa kuchua, na mafuta yake ya nyonyo, kwa nia njema kabisa simlaumu, akanipaka alafu akavuta mkono mara moja ili "urudi". Hapo ndo nilipiga kelele mpaka mtaa wa pili wakasikia. Mkamwana wangu akasema basi, hapana, tunaenda kupiga picha sasa hivi. Mpaka leo namwambia yeye ndiye aliyeniokolea mkono. Kama una mzazi kaanguka na anaumia bega, hawezi kuinua mkono, kabla ya mafuta yoyote na kabla ya mtu yeyote kuvuta chochote, apigwe eksirei kwanza. Ule mfupa una ncha, na pembeni yake inapita mishipa ya damu na ya fahamu inayoshuka mpaka kwenye vidole.

Hospitali picha ikaonyesha nimevunjika karibu kabisa na bega, kile kichwa cha mviringo cha mfupa wa mkono kimeachana na mwili wake kidogo, na kipande kingine pembeni kimebanduka. Vipande vitatu. Daktari akanigusa kwa pamba hapa nje ya bega akauliza unasikia, akaniambia nikunje kiganja, nikunjue, nitanue vidole, alikuwa anaangalia kama mshipa wa fahamu umeumia. Akanivalisha slingi, kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni, akasema hii haifungwi P.O.P, bega halina namna ya kulifunga P.O.P likakaa, na wala upasuaji hauhitajiki.

Sasa hapo mwanangu mkubwa ambaye yuko Maskati kikazi akawa kwenye video ya WhatsApp, hakutaka kusikia, anasema daktari mama yangu wewe unamwekea kitambaa tu? Tutachanga ndugu wote aende India akatiwe chuma. Yule daktari alikuwa kijana lakini ana subira, akamweleza kwamba mfupa wa mtu wa umri huu unakuwa mwepesi ndani na skrubu zinaweza zisishike vizuri, na kuna utafiti mkubwa ulifanyika Uingereza ukachapishwa mwaka 2015, wagonjwa 250 kutoka hospitali 32, wote wamevunjika hapa begani na mfupa umesogea, nusu wakapasuliwa nusu wakawekewa slingi, wakafuatiliwa miaka miwili mizima na haikuonekana tofauti ya maana kati yao kwenye namna wanavyotumia mkono. Akasema pia si kila bega, likivunjika na huku limechomoka kwenye tundu lake, au mfupa umetoboa ngozi, au damu haifiki mkononi, hapo ni habari nyingine na hawasubiri. Mwanangu akatulia. Mimi pia nilitulia, lakini kuna kitu kiliniuma na nakisema kwa sababu najua kinawauma wengi: muda wote ule walikuwa wanaongea wao kwa wao juu yangu, huyu yuko ndani ya simu na yule amesimama, mimi niko katikati nimefundisha watoto miaka 36 na hakuna aliyeniuliza mimi ninaonaje. Nilimwita yule daktari nikamwambia, daktari mwanangu, bega ni langu, hebu nieleze mimi. Akaona haya, akavuta kiti akakaa akanieleza upya. Tangu siku hiyo kila nikienda alikuwa ananieleza mimi kwanza.

Niliyorudi nayo nyumbani kwa maneno ni haya: usiuchezeshe huo mkono, rudi wiki mbili tupige picha tena.

Watu hawaamini kwamba umevunjika kama hujafungwa P.O.P. Kila aliyekuja kunitazama aliuliza, mwalimu umevunjika kweli au umeshtuka tu? Na mtu anayeuliza hivyo huku wewe usiku uliopita umekaa macho mpaka adhana, inachosha. Alafu siku ya nne mkono ukaanza kuwa mweusi, kutoka begani ukashuka mpaka kwenye kiwiko, ukaja na kifuani upande ule, rangi ya zambarau alafu kijani, mimi nikajua mkono unaoza nikawa nalia. Tulirudi mbio hospitali wakasema ni damu tu ya pale palipovunjika inashuka chini taratibu kama maji yanavyofuata mteremko, itaondoka yenyewe. Iliondoka, baada ya wiki tatu hivi. Laiti mtu angeniambia kabla ningeokoa machozi yale. Na vidole vilivimba. Nilikuwa na bangili ya dhahabu mkono ule, ya harusi yangu, siku ya kwanza hakuna aliyefikiria kuivua, siku ya pili haitoki tena na mkono unabadilika rangi, ikabidi aitwe sonara aje kuikata. Vueni pete na bangili saa ile ile mtu anapoanguka, msingoje.

Kulala ndo mtihani mkubwa. Huwezi kulala chali ukanyooka, bega linarudi nyuma linavuta, ubavu ndo usiseme. Nililala nimekaa kwenye kochi karibu wiki tano nimeegemea mito. Siri niliyoigundua mwenyewe usiku wa tatu au wa nne ni mto mdogo, mdogo kabisa kama wa mtoto, unawekwa nyuma ya mkono wa juu karibu na kiwiko, ule mkono usidondoke kwenda nyuma. Pale ndo nilipata saa mbili za usingizi mfululizo nikaamka nikamshukuru Mungu kwa mto.

Vidonge navyo. Nilikuwa nanunua diklofenaki duka la dawa kwa sababu ndo niliyoizoea kwa magoti, na mimi nina presha, tumbo likawa linawaka na presha ikapanda, daktari aliposikia akaikataza kabisa akaniambia nimeze parasitamo kwa saa zake, yaani si kungoja uume ndo umeze, na akanipa na dawa kali kidogo ya usiku kwa siku chache ambayo ilinifunga choo na kunipa kizunguzungu. Mtu mzima anayekunywa dawa za presha au sukari amwambie daktari kila kitu anachomeza, hata vile vya dukani, hata majani.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo hospitali hawalizungumzi. Mkono wangu uliovunjika ni wa kulia. Mimi nimelelewa na nimelea kwamba chakula ni mkono wa kulia, nimewakataza wajukuu kula kwa kushoto hata biskuti, na sasa nimekaa mkekani mbele ya wajukuu hao hao nakula wali kwa kijiko mkono wa kushoto na nusu unamwagika. Mjukuu wangu wa miaka sita akaniangalia alafu akasema bibi, wewe una udhuru. Sijui nani alimfundisha. Nililia na nikala.

Na kuoga. Mkamwana wangu ni mtoto wa watu, tunaheshimiana sana, miaka tisa tumekaa nyumba moja sijawahi kumwonyesha hata bega langu. Sasa ndiye atakayeniogesha, maana binti zangu wote wameolewa mbali. Siku mbili nilikataa nikajifanya najifuta mwenyewe. Siku ya tatu akaja na ndoo ya maji ya uvuguvugu na kanga mbili, akasema mama, nifunge hii kifuani wewe shika ncha, mimi nitaogesha kwa chini yake sitaangalia. Tukaingia. Alikuwa anaongea muda wote, habari za sokoni, bei ya nazi, mtoto wa jirani, anaongea ili mimi nisifikirie. Alinifundisha, au tuseme tulijifunza wote wawili, kwamba kwapa la mkono mgonjwa ukitaka kulisafisha unainama mbele taratibu mkono unajining'inia wenyewe, kwapa linafunguka bila kuinua bega, unapitisha kitambaa, unakausha vizuri sana maana kwa joto la Tanga pale panachubuka siku mbili tu. Na nguo, mkono mgonjwa unaingia wa kwanza na unatoka wa mwisho. Akanishonea madera mawili yanafunguka mbele kwa vishikizo. Udhu alinimiminia yeye kwa kopo. Nikisema mkamwana wangu ni binti yangu simaanishi maneno ya kupendezesha, nina ushahidi.

Wiki mbili tulirudi, siku hiyo kulikuwa na foleni kubwa, daktari wetu hakuwepo, aliyekuwepo akaangalia picha dakika moja akasema nzuri haijasogea, endelea hivyo hivyo, rudi wiki ya sita. Nami ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikaendelea hivyo hivyo. Niliambiwa usiuchezeshe, basi sikuuchezesha chochote, si bega, si kiwiko, si kiganja, nilikaa na ule mkono umebanwa tumboni wiki sita kama kuku aliyelalia yai. Watu wakanisifu, mwalimu ana subira.

Wiki ya sita picha ikaonyesha mfupa umeunga. Nikasema alhamdulillah yamekwisha. Nikavua slingi nikajaribu kunyoosha mkono nichukue kikombe mezani na mkono haukwenda. Yaani si kwamba uliuma sana, haukwenda tu, kama si wangu. Kiwiko hakinyooki, vidole havifungi ngumi, bega likisogea linakuja na mgongo mzima. Msuli wa bega ulikuwa umeyeyuka, mfupa unaonekana. Hapo ndo niliingiwa na huzuni ya kweli, kubwa kuliko ya siku ya kuvunjika, kwa sababu siku ya kuvunjika nilijua kuna kupona.

Nikaandikiwa fizio, yaani tiba ya mazoezi. Yule dada wa mazoezi, binti mdogo tu, shikamoo yake ya heshima, alinishika mkono akausogeza sogeza akaniuliza mama hukuanza mazoezi wiki ya pili au ya tatu? Nikamwambia niliambiwa nisiuchezeshe. Akanyamaza kidogo. Alafu akanieleza kitu ambacho nimekishika kama somo la maisha: kutotumia mkono na kutouchezesha ni vitu viwili tofauti. Usiutumie maana yake usibebe, usijiinulie kitandani, usivute mlango. Lakini vidole, kiganja na kiwiko vinatakiwa vichezeshwe tangu siku ya kwanza ile ile, unakamua hata kitambaa mara nyingi kwa siku, unakunja kiwiko unakunjua, na bega lenyewe daktari akisharidhika kwamba mfupa umetulia, kwa wengi ni kama wiki ya pili au ya tatu, linaanza kubembea taratibu. Mfuko unaozunguka maungio ya bega ukiachwa bila kusogea unasinyaa na kushikana, na kwa sisi wenye umri unashikana upesi zaidi. Kwa hiyo mfupa wangu uliunga, bega likafunga. Sikumkasirikia mtu, nilikasirika kwamba sikuuliza. Sentensi moja tu ningeuliza ile wiki ya pili, daktari naanza lini kuusogeza na nausogezaje, ningejiokolea miezi. Jirani yangu nilimnong'oneza hiyo hiyo juzi, nikamwambia usitoke pale hospitali bila jibu la swali hilo.

Mazoezi yenyewe la kwanza ni kuinama, mkono mzima umeshika meza, mgonjwa unauachia unaning'inia kama ndoo kisimani alafu unauzungusha vijiduara vidogo kwa kuyumbisha mwili, si kwa nguvu ya bega. Dakika tano, mara nne kwa siku. La pili kulala chali umeshika fimbo ya ufagio mikono miwili, mzima unamsukuma mgonjwa kwenda juu. La tatu, hili ndo nililipenda, kusimama mbele ya ukuta vidole vinapanda taratibu kama mjusi mpaka pale panapouma, unashikilia, unashuka. Mimi ni mwalimu, nina chaki ndani, kila Ijumaa nilipiga mstari ukutani kwenye chumba changu mahali vidole vilipofika na tarehe yake. Mstari wa kwanza uko chini ya kifua changu, wiki tatu zote mistari imekaa pamoja kama haisogei, nikataka kuacha. Yule binti akaniambia maumivu ya mazoezi yakiisha ndani ya nusu saa hivi hayana shida, ila yakilala na wewe mpaka kesho yake ujue umezidisha, punguza lakini usiache. Niliitumia hiyo kama kipimo. Wiki ya nne mstari ukaruka vidole vitatu.

Kwenye benchi la fizio ndo nilipata wenzangu. Kulikuwa na mzee mvuvi wa Tongoni aliyeteleza akisukuma ngalawa, yeye alianza kwa mganga, akafungwa vibao kwa kamba akabanwa sana, mkono ukavimba ukafa ganzi, alikuja hospitali mwezi umeshapita. Vidole viwili mpaka leo havina hisia sawasawa. Hawezi tena kutupa jarife, sasa anashona nyavu za wenzake na aliniambia jambo ambalo sijalisahau, kwamba kinachomuuma si bega ila kwamba wanawe wanatoka baharini wanamletea fungu lake la samaki na hawamuulizi tena upepo ukoje. Na kulikuwa na mama wa Muheza alipasuliwa, akatiwa bamba la chuma, skrubu moja ikatokeza ndani ya maungio ikabidi apasuliwe mara ya pili kuitoa. Yeye mkono wake unapanda juu kuliko wangu. Mzee wake alikuwa anamsindikiza kila wiki, anakaa nje amemshikia mkoba. Sote watatu tulikuwa tumevunja mfupa ule ule, njia zimetofautiana na kila mmoja ana alichopata na alichokosa, ila wote tulikubaliana kwamba hakuna aliyetuambia itachukua muda gani. Mtu anaambiwa wiki sita anajua wiki sita amerudi kama zamani. Ukweli ni mwaka, na mwaka wenyewe mabadiliko makubwa ni miezi sita ya mwanzo, baadaye yanakuja kidogo kidogo.

Ramadhani ikaingia Machi, nikiwa wiki ya nane hivi. Sala nilikuwa nasali nimekaa kwenye kiti, naashiria rukuu na sijda kwa kichwa. Takbira ndo ilikuwa kipimo changu cha pili baada ya ule ukuta, mkono wa kushoto unafika sikioni na wa kulia umeishia kwenye mbavu. Idd nilivaa dera mwenyewe bila kusaidiwa, na ushungi nikafunga mwenyewe kwa kuinamisha kichwa kuufuata mkono. Mwezi wa tano mkono ukafika begani kwenye takbira. Sijda ya kwanza nikiweka paji la uso chini na viganja vyote viwili vimegusa mswala ilikuwa mwezi wa sita, alfajiri, peke yangu. Nilikaa pale chini muda mrefu.

Jambo la mwisho ambalo lilinichelewea ni kuulizwa kwa nini nilianguka. Hospitali wote walishughulika na bega. Yule binti wa fizio ndiye aliyeuliza, mama ulianguka kwa sababu gani hasa, nikamwambia maji, akasema kabla ya maji? Nikakumbuka kichwa chepesi. Akanirudisha kwa daktari, presha ikapimwa nimelala alafu nimesimama, ikaonekana inashuka sana nikisimama ghafla, wakanipunguzia dozi moja. Sasa naamka nakaa ukingoni mwa kitanda mpaka nihesabu thelathini, tochi iko chini ya mto, na mwanangu kafunga bomba la chuma ukutani chooni la kushika, kandambili zile nimezitupa. Na daktari akasema mtu akianguka kutoka kimo chake mwenyewe tu, hajaanguka kwenye mti wala gari halijamgonga, na mfupa ukavunjika, huo mfupa ulikuwa umeshapungua nguvu siku nyingi, na ukishavunjika mmoja mwingine uko hatarini, nyonga hasa. Kwa umri wangu na nilivyoanguka akaniandikia kidonge cha kila wiki mara moja, unakimeza asubuhi tumbo tupu na glasi nzima ya maji, alafu nusu saa hulali wala huli, umekaa wima au umesimama, kwa sababu kinaunguza koo. Pamoja na kalsiamu na vitamini D. Tukakubaliana nianze baada ya Ramadhani. Asubuhi nakaa uani kwangu jua la saa mbili mikono wazi, sisi wa baibui jua halitupati inavyotakiwa. Dagaa nakula na miba yake.

Nilikuwa na hofu ya kutoka, hili nalo niliseme. Miezi mitano sikupanda daladala, nikiona ngazi moyo unakwenda mbio. Mwaliko wa harusi napeleka udhuru. Mkamwana wangu alinitoa kidogo kidogo, leo mpaka dukani, kesho mpaka msikitini, mpaka siku nikakuta nimefika soko la Mgandini nachagua ndimu. Bado nikiona sakafu ina maji nasimama kwanza.

Sasa hivi mkono wangu wa kulia unafika juu ya kichwa kidogo, mstari wa chaki wa mwisho uko usawa wa fremu ya dirisha. Nachana nywele, nala kwa mkono wangu, naandika ubaoni kwa wajukuu kama ubao si wa juu sana. Kuanika nguo kamba imeshushwa. Kukuna nazi kwenye mbuzi naweza nusu kifuu alafu bega linachoka, nanunua iliyokunwa kwa mashine. Mvua za masika zinanikumbusha pale palipovunjika. Nyuma kushika kifungo cha sidiria siwezi na daktari amesema huenda nisiweze tena, nimenunua za kufunga mbele.

Jirani yangu jana usiku kanipigia saa nane, hakulala, analia kwenye simu kwa sauti ya chini asiwaamshe wanawe. Nimemuuliza mkono wake unadondoka nyuma ukilala? Akasema ndiyo, ndo unaoniua. Nimemwambia angoje asubuhi. Ule mto wangu mdogo bado ninao, mkamwana kaubadilisha foronya.